Vitamini C Haifufui Tezi Wala Haitibu Uchovu Wetu

Kwetu Kasongo na Kabambare, Maniema ya kusini nchini Kongo, kuna imani iliyokwisha kupata uraia: aliyechoka amepungukiwa na vitamini, na vitamini yenyewe ni C. Mama anayenyonyesha akisema kichwa kinamzunguka, jirani anamtuma farmasi. Mchimba dhahabu anayeshuka kutoka Salamabila akiwa amekonda hupitia kwanza kwa muuza dawa kununua vidonge vya miligramu 1,000, vile vinavyochemka ndani ya maji. Mwenye faranga za kutosha analazwa kwenye benchi la chumba cha nyuma na kutundikiwa serumu ya manjano. Akitoka anasema damu imeamka.

Siku hizi imani hiyo imepata na maneno ya kitaalamu. Ujumbe wa sauti unaopita kutoka simu hadi simu unaeleza kwamba juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo, tezi za adrenali, na kwamba vita, njaa, kukimbia vijiji na mawazo ya kila siku vimezichosha. Dawa ya kuzifufua, wanasema, ni vitamini C nyingi, asubuhi na jioni, kwa miezi. Msikilizaji anajitambua moja kwa moja. Nani Maniema ya kusini hajachoka? Nani hana mawazo?

Nasema bila kuzunguka kwamba habari hiyo si ya kweli. Na mahali penye magonjwa kama yetu, inaua, kwa sababu inamshika mgonjwa mkono na kumpeleka mbali na kipimo.

Imani hii haikuzuliwa hewani, na ndiyo maana inashawishi. Katika mwili wa binadamu, tezi za adrenali ni miongoni mwa sehemu zenye vitamini C nyingi kuliko zote. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alitenga kitu hicho mara ya kwanza kutoka katika tezi za adrenali za ng'ombe na kukitangaza mwaka 1928, kabla hajajua kwamba ameishika vitamini yenyewe. Baadaye, alipotaka kiasi kikubwa, aliachana na tezi akaenda kwenye pilipili za mji wa Szeged, akapata kwa kilo alichokuwa akikitafuta kwa gramu. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1937. Ni kweli pia kwamba tezi hizo zinaitumia vitamini C zinapotengeneza homoni zake. Mwaka 2007 Sebastian Padayatty na wenzake walionyesha kwamba tezi ya adrenali ya binadamu ikipata amri kutoka tezi ya ubongoni humwaga vitamini C katika mshipa wake ndani ya dakika chache, kisha hutulia.

Hadi hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza pale mtu anaporuka kutoka "tezi ina vitamini C nyingi" hadi "basi ukimeza nyingi, tezi itapata nguvu". Mtungi uliojaa hauongezeki maji kwa kumiminiwa ndoo nyingine. Maji yatapita ukingoni. Mwili wetu ndivyo ulivyo kwa vitamini hii, na jambo hili limepimwa. Mwaka 1996 Mark Levine na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya vijana 7 wenye afya waliopewa dozi mbalimbali. Dozi ya miligramu 200 iliingia mwilini karibu yote. Ya 1,250 iliingia takriban nusu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimekwisha kushiba kwa miligramu 100 tu kwa siku, na kilichozidi kiliondoka na mkojo. Mwenye kumeza kidonge cha 1,000 kila asubuhi anaununulia mkojo wake, na huku nyumbani kuna mtoto ambaye hajala yai mwezi mzima.

Na huko "kuchoka kwa adrenali" nako? Jina hilo lilitungwa na Mmarekani James Wilson, asiye daktari wa hospitali, mwaka 1998, na tangu hapo limeuza vitabu na makopo ya vidonge kote duniani. Mwaka 2016 madaktari wawili wa Brazil, Flavio Cadegiani na Claudio Kater, walikusanya tafiti 58 zilizopima homoni za watu waliochoka, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi wa ugonjwa huo. Chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani kinasema vivyo hivyo. Tezi ya adrenali inaweza kuharibika, na nitafika huko. Lakini haichoki kwa mawazo, na hakuna kidonge cha kuipumzisha.

Najua jibu nitakalopewa sokoni: "Mimi nilitumia, nikapona." Siwaiti waongo wanaosema hivyo. Mtu aliyekaa siku mbili na homa bila kula, akatundikiwa lita moja ya serumu ya glukosi ya asilimia 5, ameingiziwa gramu 50 za sukari na lita nzima ya maji. Sukari hiyo inakaribia nguvu ya sahani ndogo ya wali. Amelala saa tatu kivulini, mtu amemshughulikia, amemuuliza habari zake. Atainuka na nafuu. Rangi ya manjano inayomtia moyo, ndani ya chupa na baadaye kwenye mkojo, ni ya vitamini za kundi B. Vitamini C haina rangi. Aliponunua nafuu hiyo alilipa bei ya kuku, naye angeipata kwa uji, chumvi kidogo na usingizi. Na kama homa ilikuwa ya malaria, vimelea bado vimo kwenye damu vinasubiri jioni.

Wengine watanitajia wakubwa. Watasema hata Linus Pauling, mshindi wa Nobel mara mbili, aliandika mwaka 1970 kwamba vitamini C inazuia mafua. Aliandika kweli. Baada yake watu wengi walipimwa, na uchambuzi wa majaribio hayo unaonyesha kwamba kuimeza kila siku hakuzuii mafua kwa watu wa kawaida. Kunafupisha siku za kuugua kwa asilimia 8 hivi kwa watu wazima. Mafua ya siku 7 yatapungua kwa nusu siku. Waliofaidika wazi ni wakimbiaji wa mbio ndefu na askari waliokuwa katika mazoezi makali kwenye baridi. Na hospitali zilipojaribu kuitia kwa wingi mshipani kwa wagonjwa mahututi wenye maambukizi ya damu, utafiti uitwao LOVIT, uliochapishwa mwaka 2022, ulikuta kwamba waliopewa vitamini C walikufa au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi kwa asilimia 44.5, na waliopewa maji matupu asilimia 38.5. Huo ndio mwisho wa ule usemi kwamba "hata isiposaidia haidhuru".

Kwetu kudhuru kwake kuna sura ya pekee. Katika nchi za malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, urithi ambao huenda ulibaki kwa sababu unawakinga watoto kidogo na malaria kali. Mwenye upungufu huo akitiwa vitamini C nyingi mshipani, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka. Mkojo unageuka mweusi, macho yanakuwa manjano, damu inaisha. Hospitali zenye kuchukua tahadhari hupima kwanza kabla ya dozi kubwa. Yupo nani kati ya wanaotundika serumu vyumbani mwetu anayepima G6PD? Na utafiti wa Sweden wa mwaka 2013, uliowafuatilia wanaume zaidi ya 23,000, ulikuta kwamba waliotumia vidonge vya vitamini C kwa dozi kubwa walipata mawe ya figo karibu mara mbili ya wasiotumia. Mchimbaji anayeshinda juani bila maji ya kutosha ndiye wa kwanza kuyapata mawe hayo.

Tuseme basi kinachotuchosha kweli.

Malaria inatuchosha, ile ya mara kwa mara inayokula damu ya watoto na ya waja wazito. Safura inatuchosha, minyoo yake huingia kwa nyayo zisizo na viatu na kunyonya matumboni miaka na miaka. Njaa inatuchosha. Mama aliyezaa mara saba na kulima kila mwaka hana chuma mwilini, na hapo vitamini C ina kazi ndogo ya haki: limau juu ya maharagwe husaidia tumbo kulichukua chuma. Limau moja, kwenye sahani.

Kisha kuna malale. Ukanda wetu wa Maniema na kaskazini ya Katanga umeujua ugonjwa huu kwa muda mrefu, kando ya mito yenye mbung'o. Unaanza kwa homa za kuja na kuondoka, kichwa, tezi za nyuma ya shingo zinazovimba, mwili mzito. Baadaye mtu analala mchana na kukesha usiku, anabadilika tabia, watu wanasema amerogwa. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa zaidi ya 25,000. Tangu 2018 wako chini ya 1,000 kwa mwaka, kazi kubwa ya timu zinazozunguka vijijini kupima watu. Tangu mwisho wa 2018 ipo pia dawa ya kumeza, fexinidazole, ya siku 10, ambayo inawaondolea wagonjwa wengi sindano na kuchomwa uti wa mgongo. Lakini dawa hiyo inamfikia tu aliyepimwa. Anayemaliza miezi sita na vidonge vya kuchemka kwa sababu "anasinzia sana" anampa mdudu muda wa kufika ubongoni. Na kwa kuwa wagonjwa sasa ni wachache, watu wamesahau kuufikiria ugonjwa wenyewe, na uchovu wowote unapewa jina la vitamini.

Halafu kifua kikuu. Hapa ndipo nataka wale wa ujumbe wa sauti wanisikilize vizuri, maana wanadai kuzitetea tezi za adrenali na hawamjui adui wake. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, alieleza ugonjwa wa watu waliokonda, wakaishiwa nguvu kabisa, wakachefuka, na ngozi ikazidi kuwa nyeusi. Walipokufa alikuta tezi zao za adrenali zimeharibika. Sababu kubwa zama zile ilikuwa kifua kikuu kilichotoka mapafuni na kuota ndani ya tezi. Ulaya leo sababu kuu ni nyingine. Lakini Kongo bado imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na kwetu lile la Addison si hadithi ya zamani. Mtu mwenye dalili hizi (kukonda, kizunguzungu anaposimama, hamu ya ajabu ya chumvi, kucha na fizi na mistari ya viganja inayokolea weusi) anaweza kuwa na tezi iliyokufa. Hata gunia la vitamini C halitamrudishia. Anahitaji dawa za kifua kikuu na homoni yenyewe, hidrokotisoni, kila siku ya maisha yake. John F. Kennedy alikuwa na ugonjwa wa Addison tangu mwaka 1947; alikuwa mtoto wa tajiri, vitamini zote za dunia zilikuwa mikononi mwake, na kilichomfikisha kwenye urais kilikuwa homoni ya kopo, si machungwa.

Adui wa pili wa tezi hizo anauzwa kwenye rafu ileile ya vitamini. Ni deksamethasoni, ambayo wasichana wetu wanaiita deksa tu.

Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyataja. Kutoka Kinshasa hadi miji ya mashariki, wanawake vijana wanameza deksa, mara nyingi pamoja na siproheptadini, ili wanenepe, mashavu yajae, makalio yatokee. Wanaambiwa ni dawa ya hamu ya kula. Deksa ni dawa ya kweli: mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha kwamba iliwaokoa wagonjwa wa Korona waliohitaji oksijeni. Nguvu yake ndiyo hatari yake. Kidonge kimoja cha nusu miligramu kinakaribia kazi ambayo tezi zako za adrenali zinaifanya siku nzima, na msichana anameza viwili, vitatu, miezi mitatu mfululizo. Tezi ya ubongoni inaona homoni imejaa, inaacha kutoa amri. Tezi za adrenali zinakaa bila kazi na kusinyaa. Uso unanenepa, ndiyo. Chini ya uso huo mifupa inalika, sukari inapanda, kinga inashuka, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kinaamka.

Halafu siku moja fedha inaisha, au harusi imekwisha kupita, na anaacha ghafla. Ndani ya siku chache anatapika, anaishiwa nguvu, tumbo linamkata, presha inaporomoka. Malaria ya kawaida, ambayo mwaka jana aliivuka akiwa shambani, sasa inaweza kumwua, kwa sababu homoni ya kuhimili ugonjwa haipo. Jamaa wanamkimbiza farmasi wakisema amechoka mno. Naye muuzaji anafanya nini? Anamtundikia vitamini C. Hapa ndipo imani hii inapofika mwisho wake: tezi iliyolazwa na kidonge kimoja inadaiwa kuamshwa na kingine, na wakati unaopotea ni wakati ambao hidrokotisoni, chumvi na maji ya mshipani vingemrudisha.

Nimesikia pia kwamba sisi wa mashambani tuna haki ya vidonge hivyo kwa kuwa chakula chetu ni duni. Kwa nyama, mafuta na maziwa, nakubali. Kwa vitamini C, hapana. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini hii, kiliwapiga wakimbizi katika kambi za Somalia, Ethiopia na Sudan miaka ya 1980, watu walioishi kwa nafaka kavu ya msaada bila jani wala tunda. Huko vidonge vilikuwa na kazi. Kasongo si jangwa. Sidney Hinde, daktari aliyekuja na jeshi la Wabelgiji lililouteka mji wetu Aprili 1893, aliandika habari za bustani alizozikuta: machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe, ndizi. Zilikuwa bustani za watu wa pwani na Waungwana, na miti hiyo imekwisha kuwa yetu. Gramu mia moja za pera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Za papai kama 60, za chungwa kama 50. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, na miligramu 10 tu zinatosha kuzuia kiseyeye. Nusu ya pera inamaliza hesabu. Sombe mbichi ina nyingi sana pia, ingawa kuitwanga na kuichemsha saa nyingi kunaipotezea sehemu kubwa, na kuichemsha ni lazima kwa sababu ya sumu ya muhogo; kwa hiyo bukari na sombe vifuatwe na tunda. Msimu wa maembe yanaoza chini ya miti, na mwenye mti anapita juu yake kwenda kununua vidonge vya ladha ya chungwa.

Wapo watakaosema nawaonea wauza dawa. Kijana mwenye farmasi ya mbao analisha watoto, najua, na mara nyingi yeye ndiye aliye karibu usiku wa manane wakati kituo cha afya kiko mbali na njia ni matope. Lakini mji huu una historia ya kutenda vizuri zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taasisi ya tiba ya Antwerp na madaktari wa Zaire walianzisha hapa mradi wa Kasongo: vituo vya afya karibu na watu, muuguzi anayezijua familia zake, orodha fupi ya dawa, rufaa ya hospitali kwa anayehitaji. Utafiti wao juu ya chanjo ya surua ulisomwa dunia nzima mwaka 1981, na mfumo wa zoni za afya wa nchi hii ulijifunza kutoka hapa. Orodha ile ilikuwa fupi kwa sababu ilichaguliwa. Leo rafu zetu ni ndefu na hakuna aliyechagua. Nawadai viongozi wa zoni ya afya mambo mawili madogo yasiyohitaji mfadhili: wapige marufuku kuuza deksa bila karatasi ya daktari, na wafunge vyumba vya nyuma vinavyotundika serumu.

Kwako wewe unayesoma ukiwa umechoka: ukikohoa zaidi ya wiki mbili, peleka makohozi yapimwe, dawa za kifua kikuu ni bure nchini kote. Ukisinzia mchana na shingo imevimba, omba kipimo cha malale, nacho hakilipiwi. Ukiwa na mimba, dai upimwe damu. Na wewe dada unayemeza deksa, hata kama ni wiki ya tatu au ya nne tu: usiache ghafla leo kwa sababu umesoma maneno yangu. Chukua kopo lako, nenda nalo hospitalini, mwambie daktari umemeza ngapi na kwa muda gani, akupunguzie pole pole. Na ukiwa umekwisha kuacha, ukaanza kutapika na kuishiwa nguvu, waambie jamaa zako neno hilo moja, deksa, kabla mtu hajakutafutia vitamini.